Zana za Bei Chee Zinapokufa: Soma Mahali pa Mvunjiko Kabla Hujanunua Nyingine

Usitupe zana iliyovunjika. Ipeleke kwenye mwanga uangalie ilikokatika, ilikopinda au ilikolika. Chuma huharibika kwa namna chache tu, na kila namna inaonyesha hatua ambayo kiwanda kiliiruka ili bei ishuke. Ukiijua hatua hiyo, utajua kama zana inaokoleka, na utajua pa kukagua utakaporudi dukani.

Kwanza tuondoe kisingizio kimoja. Kwenye karakana za Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, kitu kikiwa kibovu tunasema ni cha Mchina, basi. Kauli hiyo haimsaidii fundi, na si ya haki. Zana nzuri sana zinatoka China na Taiwan kila siku. Kiwanda hutengeneza kulingana na bei aliyoikubali mwagizaji. Uzito wa chuma katika spana mbovu na spana nzuri unakaribiana. Kinachopungua ni ubora wa chuma chenyewe, muda wa kukaa kwenye tanuru, mtu wa kupima, na utayari wa kutupa zilizoharibika badala ya kuzipaka krome na kuzipakia kwenye boksi.

Spana imefunguka mdomo, bisibisi imejisokota, tindo imekunja makali

Hizi zote ni dalili za chuma laini. Thibitisha kwa tupa. Chukua tupa nzuri ambayo bado ina meno, uipitishe kwenye ukingo wa zana. Kwenye tindo au patasi iliyogumishwa sawasawa, tupa huteleza au hukwaruza kwa shida. Ikiuma na kumwaga unga kama inavyouma nondo, umepata jibu. Spana haigumishwi kiasi cha tindo, kwa hiyo tupa itaiuma kidogo hata ikiwa nzima. Ilinganishe na spana ya zamani unayoiamini.

Sasa, kwa nini ni laini? Sababu ni tatu, na dawa zake hazifanani.

Ya kwanza ni kukosa kaboni. Chuma hugumika kwa sababu ya kaboni iliyomo. Kikiwa na chini ya asilimia 0.25 hivi, hata ukikipasha moto na kukizamisha majini mara ngapi, hakitagumika kiasi cha kushika makali. Springi ya gari ina karibu asilimia 0.6, na ndiyo maana wahunzi wetu huitafuta kwa ajili ya mapanga na tindo. Tupa huwa na asilimia 1 au zaidi. Kujua zana yako iko wapi, vaa miwani ya kazi, uiguse kwenye jiwe la grainda na uangalie cheche. Weka karibu kipande cha nondo na kipande cha springi ili ulinganishe. Chuma chenye kaboni kidogo hurusha cheche ndefu zenye nyota chache. Chenye kaboni nyingi hurusha cheche zinazopasukapasuka kuwa vinyota vingi. Tindo ikitoa cheche za nondo, basi ni nondo iliyonolewa ncha. Haina dawa. Itumie kama kigingi.

Ya pili ni kaboni kuwapo lakini moto ukakosewa. Chuma cha kaboni kinatakiwa kifike karibu nyuzi 800 za Selsiasi, kisha kipozwe ghafla. Kiwanda kinachobana umeme au gesi hujaza tanuru kupita kiasi, vipande vya katikati visifikie joto hilo, au hupoza kwenye mafuta ambayo yameshachemka kwa kazi ya mchana kutwa. Hii inaokoleka. Pasha ncha ya tindo kwenye mkaa wenye mvukuto, ukiijaribu kwa sumaku. Ikifika karibu nyuzi 770, sumaku inaacha kuinasa. Ongeza moto kidogo tu, iwe na wekundu ulioiva bila kwenda kwenye njano, kisha izamishe wima kwenye mafuta ukiichovya juu na chini. Anza na mafuta, kwa sababu maji hupoza kwa kasi kubwa zaidi na huweza kuipasua. Usiishie hapo, soma sehemu inayofuata kabla hujaipiga nyundo hata moja.

Ya tatu huwadanganya wengi. Chuma kikikaa muda mrefu kwenye moto ulio wazi, kaboni ya ngozi ya juu huungua na kutoka. Ndani ni kigumu, nje ni laini. Kiwanda makini husaga ngozi hiyo mpaka iishe. Kiwanda cha bei chee huacha, kwa kuwa kusaga ni muda na mawe ya kusagia ni hela. Hivyo unanunua panga au patasi, siku za mwanzo haishiki makali kabisa, unailaani, unaitupa kwenye kona. Kumbe ukiinoa mara kadhaa hadi ukaipita ngozi ile, unafika kwenye chuma chenyewe. Noa vizuri kwanza, ndipo uhukumu.

Kuna jambo jingine linaloshangaza: spana mbili za seti moja, chapa moja, boksi moja, moja imara na nyingine laini. Hapo shida ni malighafi. Viwanda vingi vidogo huyeyusha chuma chakavu kilichochanganyika, na ndani yake humo nyaya za shaba za mota na mabati yaliyopakwa madini mengine. Kaboni inaweza kurekebishwa wakati wa kuyeyusha. Shaba ikishaingia kwenye chuma haitoki, na ikizidi, uso wa chuma hupasuka kikifuliwa kikiwa cha moto. Mpasuko mdogo wa namna hiyo hufunikwa na krome, nawe hutauona mpaka siku ya kazi.

Imevunjika ghafla bila kupinda

Hapa chuma ni kigumu mno. Chuma kilichotoka tu kupozwa kwenye maji au mafuta kina ukali wa hatari: hakikwaruziki, lakini kikipigwa kinapasuka. Ni lazima kirudishiwe moto mdogo, kati ya nyuzi 200 na 300 hivi kwa zana nyingi za mkono, ili kitulie. Kazi hiyo inataka tanuru la pili na saa moja au mbili zaidi. Katika hatua zote, hii ndiyo inayorukwa kirahisi zaidi, kwa sababu zana isiyotulizwa inang'aa vilevile dukani, na hata jaribio la tupa inafaulu kwa kishindo.

Tazama uso wa mvunjiko. Kijivu laini chenye punje usizoziona kwa macho: chuma kilipashwa sawa, ila hakikutulizwa, au umekibebesha mzigo usio wake. Punje kubwa zinazometa kama chumvi ya mawe: kilipashwa kupita kiasi, na hata kingetulizwa kingebaki dhaifu. Ukiona sehemu ya mvunjiko ni nyeusi au ina kutu na sehemu nyingine inang'aa, basi ufa ulikuwepo kabla hujavunja wewe. Mara nyingi ufa huo huingia wakati wa kupoza, na zana ikauzwa nao.

Chuma chenye punje nzuri ukikitilia shaka kwamba hakikutulizwa, kitulize mwenyewe. Sugua eneo la karibu na makali kwa msasa hadi ling'ae, kisha pasha upande wa nyuma taratibu, mbali na makali, uangalie rangi inavyotembea juu ya chuma. Njano ya majani makavu ni kama nyuzi 220 hadi 230. Kahawia ni 250 na kidogo. Zambarau ni karibu 280, na bluu ni 300 hivi. Patasi ya mbao isimamishe kwenye njano inayoelekea kahawia. Tindo ya chuma ifike zambarau. Bisibisi ifike bluu, maana yenyewe hujisokota zaidi kuliko inavyokata. Rangi uliyoitaka ikigusa makali, zamisha majini papo hapo. Upande wa tindo unaopigwa na nyundo uache laini daima.

Usijaribu haya kwenye nyundo. Uso wa nyundo iliyogumishwa vibaya humeguka na kurusha vipande, na vipande hivyo hupofusha watu. Nyundo iliyomeguka kipande ukingoni usiitulize wala kuichomelea. Iondoe karakana, isije ikashikwa na kijana anayejifunza kazi. Na kwa nyundo yoyote, hata ya bei kubwa, usigonge nyundo kwa nyundo.

Jembe limekatika shingoni

Majembe yanastahili kuzungumzwa peke yake, kwa sababu mkulima hana zana ya akiba. Warongo, wahunzi wa kusini mwa Ziwa Victoria, walifua majembe yaliyosafirishwa hadi Usukuma na Unyamwezi, yakatumika kama fedha na kama mahari. Baba aliyepokea jembe kwa ajili ya bintiye alikuwa na kila sababu ya kulikagua. Karne iliyopita tulikuwa na viwanda vyetu vya majembe, UFI pale Ubungo na Zana za Kilimo kule Mbeya, na wakulima wa umri mkubwa bado wanayataja majembe yale kwa heshima.

Jembe likipinda ubapa, rudi sehemu ya chuma laini hapo juu. Likikatika pale tundu la mpini linapoungana na ubapa, angalia kama kuna mstari wa kuchomelea. Jembe zuri hufuliwa tundu na ubapa kwa kipande kimoja. Jembe la bei chee huwa ni bamba lililochomelewa bomba fupi. Chuma chenye kaboni ya kutosha kushika makali hakipendi kuchomelewa: pembeni mwa mchomeleo, chuma kilichopata joto kali kisha kikapoa haraka kinakuwa kigumu na chepesi kupasuka, na mzigo wote wa kila pigo unapita hapohapo. Ndiyo maana linakatika kando ya mchomeleo, na mchomeleo wenyewe unabaki mzima.

Kulirudisha kwa mchomeleaji ni kuliongezea ugonjwa uleule, isipokuwa akubali kupasha eneo zima kabla ya kuchomelea, kisha alifukie kwenye majivu makavu lipoe polepole. Akikwambia haina haja, chukua jembe lako. Maelezo haya yanahusu pia springi ya gari iliyochomelewa, nayo nisingeirudisha barabarani hata baada ya kupashwa namna hiyo.

Kipande kimemeguka, ndani ni kijivu cha punjepunje, na sumaku hainasi

Si chuma. Ni zinki iliyosubiwa kwenye kalibu, yenye aluminiamu asilimia 4 hivi. Aloi hii, iitwayo Zamak, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1929, na ni nzuri kwa vitasa, vifuniko na vifaa visivyobeba mzigo mzito. Inayeyuka chini ya nyuzi 400, kwa hiyo kuisubu ni kazi ya haraka na nafuu. Ubaya ni pale inapowekwa mahali pa chuma: mwili wa jiliwa ndogo, taya za klampu, gia za mashine ya kusagia nyama, mwili wa kufuli. Inapakwa krome, unapata kitu kizito mkononi kinachodanganya.

Zinki yenye uchafu wa risasi ina tatizo jingine: inajila yenyewe kutoka ndani. Miaka inapita, kitu kinavimba, kinapata nyufa, kinabomoka bila kuguswa. Ndiyo sababu Zamak iliundwa kwa zinki safi ya asilimia 99.99, na usafi huo ndio wa kwanza kuachwa mtu akibana gharama. Haichomeleki kwa mashine ya karakana, haigumiki, hairekebishiki. Nenda dukani na sumaku mfukoni. Ndicho kipimo cha bei ndogo kuliko vyote.

Biti ya kutobolea imekuwa bluu na haikati tena

Kwanza jiulize kama kosa ni kasi. Kutoboa chuma cha kawaida kwa biti ya milimita 10 kunataka mizunguko 800 hadi 950 hivi kwa dakika. Drili nyingi za mkono hufika karibu 3,000. Ukibana kitufe mpaka mwisho, biti nzuri nayo itaungua. Punguza kasi, ongeza mgandamizo, tia mafuta.

Ukifanya hivyo na bado inaungua, iguse kwenye grainda. Biti ya kweli ya kutobolea chuma ina madini ya kuvumilia moto, kama tangisteni na molibdeni, nayo huendelea kukata hata ikikaribia nyuzi 600. Cheche zake ni hafifu, nyekundu iliyofifia, bila nyota nyingi. Ukiona cheche za njano kali zenye vinyota tele, umeuziwa chuma cha kaboni cha kawaida, ambacho kikivuka nyuzi 250 hivi kinaanza kulainika. Itumie kwenye mbao. Rangi ya dhahabu haithibitishi chochote. Ipo mipako ya kweli ya rangi hiyo, inayoongeza maisha ya biti, na ipo rangi tu.

Tundu likitoka pana kuliko biti, viringisha biti juu ya kioo uone kama imepinda, kisha linganisha midomo miwili ya kukata. Mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake, noa upya.

Bolti imenyofoka kichwa au uzi umelika

Soma kichwani. Namba 8.8 ina maana: ya kwanza mara 100 ni nguvu ya kukatika, yaani megapaskali 800, ya pili inasema bolti itaanza kuvutika isirudi ikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo, yaani 640. Bolti ya 4.8 ina karibu nusu ya uwezo huo. Bolti ya milimita 10 ya daraja la 8.8 hukazwa karibu nyutoni mita 50 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ukiikaza ya 4.8 kiasi hicho umeiua.

Namba nayo hughushiwa. Bolti halali yenye namba hiyo ina pia alama ya kiwanda kichwani. Ukiona 8.8 bila alama nyingine yoyote, hakuna aliyekubali kuwajibika. Wala hili halikuanzia kwetu. Marekani ilitunga sheria maalumu ya ubora wa bolti na skrubu mwaka 1990, baada ya bolti dhaifu zenye alama za bolti imara kujaa hadi kwenye vifaa vya jeshi.

Bolti ngumu sana, za 10.9 na hasa 12.9, zikiwa na mipako ya zinki inayong'aa, huweza kukatika zenyewe saa kadhaa au siku moja baada ya kukazwa. Chanzo ni hidrojeni iliyoingia ndani ya chuma wakati wa kupaka. Kiwanda kilipaswa kuzioka karibu nyuzi 200 kwa saa kadhaa mara baada ya kupaka, hidrojeni itoke. Usijaribu kuzioka wewe baadaye, na usipashe moto mkali kitu chochote chenye zinki, maana moshi wake hutia homa. Kwa breki, usukani na ekseli, nunua nyeusi zisizopakwa, kwa muuzaji anayekupa risiti.

Sproketi ya pikipiki imechongoka meno mapema

Meno ya sproketi na ya gia yanatakiwa yawe magumu nje na yenye kuvumilia kishindo ndani. Kwa gia, njia ya kawaida ni kuchukua chuma cha kaboni kidogo na kukikalisha kwenye joto la nyuzi 900 na zaidi, kwenye hewa yenye kaboni, kwa saa nyingi, hadi ngozi isiyofika milimita moja au iliyozidi hapo kidogo inywe kaboni. Saa nyingi ni gharama kubwa. Ya bei chee hupewa ngozi nyembamba inayobanduka vipandevipande, au haipewi kabisa. Tupa kwenye pembe ya jino itakwambia kabla hujaifunga. Mwombe muuzaji ruhusa, na asiyeruhusu mwache na sproketi yake.

Ila pima cheni pia. Cheni ya 428, pingili 20 zikiwa mpya zina milimita 254. Zikifika 259, cheni hiyo itakula sproketi yoyote utakayofunga, nzuri au mbaya. Boda wengi hubadilisha sproketi ya nyuma peke yake wakaona wametapeliwa, kumbe mla meno ni cheni ya zamani.

Krome inabanduka

Chuma hakikusafishwa vizuri au tabaka la nikeli chini ya krome lilibanwa. Zana inaweza kuwa nzima ndani. Sugua magamba yasikukate vidole, paka mafuta, endelea na kazi.

Pale ambapo zana haina kosa

Bisibisi ya nyota inateleza kwenye skrubu za pikipiki ya Kijapani na kuharibu kichwa, hata ikiwa bisibisi nzuri. Skrubu nyingi za Kijapani zina nyota ya umbo tofauti kidogo na ya Marekani, na mara nyingi zimewekwa kidoto kimoja kichwani. Bisibisi ya kawaida haikai hadi chini, kwa hiyo ukiikaza inapanda. Tafuta ya umbo la Kijapani, au saga ncha ya bisibisi yako kidogo sana hadi ikae.

Vilevile gari la Kijapani hutumia spana ya 12 kwa bolti ya milimita 8, na 14 kwa bolti ya milimita 10, wakati seti nyingi za madukani zimepangwa kwa bolti za Ulaya, zinazotaka 13, na 16 au 17. Fundi asiye na 14 hutia 15 na kitambaa, kisha pembe zinalika na lawama inaangukia chuma.

Halafu lipo bomba. Spana ya 17 ina urefu wa sentimita 20 hivi. Ukiisukuma kwa nguvu ya kilo 25 unapata karibu nyutoni mita 50, kiasi kilekile ambacho bolti ya milimita 10 inakihitaji. Ukichomeka bomba hadi urefu ukawa sentimita 60, nguvu hiyohiyo inakuwa 150. Kwa bolti iliyoshikwa na kutu, mwagia mafuta, iache ilale usiku kucha, asubuhi igonge kichwani mara kadhaa kabla hujaweka spana ya pete, siyo ya mdomo.